Namna ya kushona kwilti kwa mkono ya kumpa ndugu au rafiki, kuanzia kitambaa mpaka ukingo

Kwilti ni matabaka matatu tu. Juu kuna kitambaa kilichoungwa vipande vipande, katikati kuna pamba ya kuleta joto, chini kuna bitana, halafu kuna mishono inayopita kote kutatu ili yasiachane. Basi. Ukishaelewa hapo hofu inapungua sana, manake kinachobaki ni kuchagua vizuri na kuwa na subira. Ntakueleza jinsi ya kushona moja kwa mkono mwanzo mpaka mwisho, mashine haihitajiki, na kuna kitu kimoja ntakirudia sana kwa sababu ndicho watu wengi wanakisahau wakishaanza kupenda rangi na mitindo: hii kitu itafuliwa. Itaburuzwa sakafuni, itakojolewa na mtoto, itafuliwa, itaanikwa, itafuliwa tena. Ukiliweka hilo kichwani tangu siku ya kwanza maamuzi mengi yanakuwa rahisi, kitambaa gani, uzi gani, mishono ikaribiane kiasi gani.

Anza na mtu, saizi inafuata

Kabla hujanunua chochote mfikirie huyo unayemshonea. Ni mtoto mchanga, ni bibi anayeona baridi miguuni akikaa kwenye kiti, ni rafiki ambaye kila kitu chake anakitupia kwenye mashine ya kufulia bila kusoma lebo? Huyo wa mwisho usimshonee hariri hata kama rangi yake anaipenda, mshonee pamba ya kawaida ambayo haina maringo.

Saizi, nakushauri kabisa usianze na ya kitanda kikubwa. Watu wengi wanaanza na kubwa, wanachoka katikati, kwilti inaishia kabatini miaka na miaka na yule mtu hajawahi hata kuiona. Anza na ya mtoto au ya kufunika magoti. Hesabu ntakayotumia hapa ni hii: vipande vya mraba vya inchi 5 kwa 5, safu 10 na kila safu vipande 8, jumla vipande 80. Kila kipande kikishashonwa kinabaki inchi 4 na nusu, kwa hiyo kwilti yako itakuwa inchi 36 kwa 45, kama sentimita 91 kwa 114 hivi. Ukitaka ya mtu mzima ya kujifunika kwenye kochi, tumia vipande 11 kwa 13, inafika kama inchi 50 kwa 58.

Na kama ni ya mtoto mchanga, tafadhali mwambie mama yake au baba yake wazi kwamba hii ni ya kutandika chini mtoto achezee akiwa anaangaliwa, sio ya kumfunika usiku. Madaktari wa watoto wanashauri mtoto ambaye hajafika mwaka asilale na kitu chochote laini kilicholegea, kwilti, mto, wala blanketi, kwa sababu kinaweza kumziba pumzi. Pia usimshonee vifungo wala shanga juu yake, vinang'oka na mtoto anaviweka mdomoni.

Vitambaa

Pamba asilimia mia, isiyo nzito sana na isiyo nyepesi ya kuonyesha. Cha muhimu kuliko yote vitambaa vyako viwe na uzito unaokaribiana. Ukichanganya jinzi nzito na kitambaa laini cha blauzi, ile nzito itakuwa inakivuta chenzake kila kwilti ikifuliwa na baada ya muda kile laini kitachanika pembeni ya mshono. Kwa saizi ya mtoto, jumla ya mita moja na nusu ya vitambaa mchanganyiko inatosha sehemu ya juu, nachukulia upana wa kitambaa ni ule wa kawaida wa inchi 44.

Fua vyote kabla ya kukata. Vyote. Pamba inarudi, na kila kitambaa kinarudi kwa kiwango chake, sasa ukiunga kisichofuliwa na kilichofuliwa wakaja kukifua pamoja utaona kwilti imejikunja mahali ambapo hukutaka. Rangi nyekundu, bluu iliyokolea na nyeusi ndo za kuangalia zaidi, chukua kitambaa cheupe, kiloweshe, sugua juu ya ile rangi, kikitoka na doa basi endelea kufua mpaka maji yawe safi, na ikigoma kabisa kiweke pembeni utakitumia kwa kitu kingine.

Nguo za zamani zinafaa sana na kwa zawadi ya familia hakuna kinachogusa moyo kama hicho, mashati ya babu, gauni la shule la binti ambaye sasa ni mama. Wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama kule Marekani, walishona kwilti zao kwa suruali na mashati ya kazi ya shambani yaliyochakaa, na mwaka 2002 kwilti hizo zikatundikwa kwenye makumbusho makubwa ya sanaa Houston na New York, kwa hiyo mtu asikwambie nguo kuukuu ni kitu cha hovyo. Angalia tu sehemu unazokata: magoti, viwiko na makalio yameshaisha nguvu, mgongo wa shati huwa bado mzima. Tisheti inavutika, kwa hiyo kabla ya kuikata bandika nyuma yake kile kitambaa cha kugandisha kwa pasi ambacho mafundi wanaweka ndani ya kola, bila hivyo mraba wako utageuka kuwa umbo lisilo na jina.

Kuhusu rangi sina sheria nyingi. Hakikisha una za mwanga na za giza, sio zote za katikati, manake zikiwa zote za katikati kwa mbali kwilti inaonekana kama ukungu. Zipange, zipige picha kwa simu, igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe, utaona hapo hapo kama kuna tofauti au hakuna.

Vifaa

Sio vingi. Mkasi mkali ambao hutumii kukatia karatasi, rula ndefu, kadibodi ngumu ya kutengenezea kielelezo, chaki au penseli, pini, pasi, kastabini, uzi wa pamba na sindano za aina mbili. Ya kwanza ni sindano nyembamba ya kawaida ya kuunganishia vipande, ya pili ni fupi na ngumu, ile fupi kabisa kwenye pakiti, hiyo ndo ya kushonea matabaka matatu. Ufupi wake una sababu, sindano ndefu inapinda ukiipitisha kwenye pamba. Kastabini usiidharau, vaa kidole cha kati hata kama mwanzoni unaiona inakera, usipovaa baada ya saa moja kidole kitakuwa na tundu.

Uzi ukate usizidi sentimita 45. Najua unatamani kukata mrefu ili usitunge mara kwa mara ila uzi mrefu unajisokota, unafunga mafundo, na unachakaa kwa kupitapita kwenye kitambaa kabla hujafika nao mwisho. Ukipata nta ya nyuki pitisha uzi juu yake mara moja mbili, unatulia.

Kukata

Kata kielelezo cha kadibodi cha inchi 5 kwa 5 kamili, kipime pande zote na pembe zote, manake kosa la hapa linazidishwa mara 80. Kiweke juu ya kitambaa kikifuata uelekeo wa nyuzi, usikiweke mshazari hata kama maua yangependeza hivyo, kitambaa kilichokatwa mshazari kinavutika. Ule ukingo mgumu wa kiwandani utoe, usiutumie. Kwenye upande wa ndani wa kila kipande chora mstari wa kushonea, robo inchi kutoka ukingoni, yaani milimita 6 hivi. Inachosha kuchora vipande 80, lakini ndo mistari itakayofanya pembe zako zikutane bila mashine.

Ukimaliza vitandaze vyote kitandani au sakafuni, safu 10 za vipande 8, hamisha hamisha mpaka rangi mbili zinazofanana zisikae jirani, halafu piga picha. Viokote safu kwa safu, kila safu itunge kwa pini na kijikaratasi chenye namba.

Kuunga vipande

Chukua vipande viwili vya mwanzo vya safu ya kwanza, vilaze uso kwa uso, pande nzuri zitazamane, bana kwa pini huku ukihakikisha mstari wa mbele na wa nyuma vimelingana. Anza na mshono mmoja wa kurudi nyuma, halafu shona kawaida juu ya mstari, sindano inaingia inatoka, mishono 8 mpaka 10 kwa inchi moja. Kila baada ya mishono michache rudi nyuma kidogo, hapo ndo nguvu ya mshono ilipo, kwa sababu uzi ukikatika siku moja kwenye kufua utaachia kipande kidogo tu na sio mstari mzima. Mwisho rudi nyuma mara mbili, kata.

Safu ikishakamilika piga pasi, mishono yote ya safu ya kwanza ilaze kulia, ya safu ya pili ilaze kushoto, ya tatu kulia, hivyo hivyo mpaka mwisho. Faida yake utaiona ukianza kuunga safu kwa safu, pale mishono inapokutana mmoja umelala huku na mwingine kule, vinajifunga vyenyewe na pembe zinakaa sawa bila kulazimishwa. Na pasi inyanyue na kuishusha, usiisukume, ukisukuma unavuta kitambaa na miraba inakuwa sio miraba tena.

Kupanga matabaka na kupiga bandi

Bitana iwe kubwa kuliko ya juu kwa inchi 3 kila upande, kwa hiyo hapa ni inchi 42 kwa 51. Pamba ya katikati vivyo hivyo au pungufu kidogo.

Pamba ya katikati zipo aina mbili tatu. Ya poliesta ni nyepesi, inanyanyuka, sindano inapita kirahisi na inakauka haraka. Ya pamba halisi ni nzito kidogo, inalala vizuri mwilini, na ikifuliwa inarudi kidogo ikaipa kwilti zile mikunjo mikunjo laini ambazo watu wengi wanazipenda, mimi mmojawapo. Kwa anayeishi mahali penye joto, shuka ya flana inatosha kabisa kuwa tabaka la kati. Blanketi nene usiweke, kulipitisha sindano kwa mkono ni mateso. Soma pakiti, imeandikwa mishono inaweza kuachana umbali gani, na kama haina maandishi usiachie nafasi ya zaidi ya inchi 4 popote, la sivyo pamba itakatika ndani wakati wa kufua ikajikusanya mabonge.

Tandaza bitana chini, upande mzuri ukitazama sakafu, ivute iwe bapa bila kuitanua, igandishe kwa tepu ya karatasi pembeni. Juu yake pamba, ilainishe kwa mikono kutoka katikati kwenda nje. Juu kabisa ile kazi yako, uso ukikutazama. Sasa piga bandi, mishono mikubwa ya kushikilia tu, kwa uzi wa rangi tofauti ili uuone wakati wa kuutoa. Anzia katikati nenda nje, mistari iachane upana wa ngumi moja. Usiharakishe hapa. Bandi ikiwa legelege bitana itajikunja chini bila wewe kuona na utakuja kugundua umeshamaliza robo ya kwilti.

Kushona matabaka matatu

Hii ndo sehemu ninayoipenda kupita zote, na ndo inayoonekana ngumu kwa mtu anayetazama tu. Ukiwa na fremu ya duara ya mbao ibane kwilti ndani yake, ila isikazwe mpaka iwe ngoma, iachie kidogo ibonyee ukiigusa. Mstari rahisi wa kufuata ni ule unaotembea robo inchi pembeni ya kila mshono wa kuunganishia, ndani ya kila mraba. Au chora mistari ya mshazari kutoka pembe hadi pembe kwa chaki, inapendeza pia na inaficha pembe ambazo hazikukutana vizuri. Chochote utakachochagua anzia katikati ya kwilti uende nje.

Fundo la kuanzia lisionekane. Funga fundo dogo mwisho wa uzi, choma sindano kama inchi moja kutoka pale unapotaka kuanza, ipite kitambaa cha juu na pamba tu bila kufika kwenye bitana, itokeze pale unapoanzia. Vuta mpaka fundo liguse kitambaa, halafu vuta kidogo tena kwa ghafla, utasikia limepenya, tap, limezama ndani ya pamba na halirudi. Mwisho wa uzi fanya hivyo hivyo kwa kurudi, funga fundo karibu na kitambaa, lizamishe, uzi unaobaki uache ndani.

Mshono wenyewe: mkono mmoja unakuwa chini ya kwilti, kidole kimoja kinasubiri. Wa juu unasimamisha sindano wima na kuisukuma kwa kastabini mpaka ile ncha ikiguse kidogo kidole cha chini, kukigusa tu. Ukishaihisi, laza sindano huku kidole cha chini kikinyanyua kitambaa juu, ncha inachomoza mbele kidogo. Isimamishe tena, iguse, ilaze, ichomoze. Ukishapata mishono mitatu au minne kwenye sindano ndo unavuta uzi, usikaze sana, iache kwilti ibonyee kidogo tu. Mwanzoni mkono utakataa, sindano itakuwa inatoka popote, endelea, unafika muda mkono unaelewa wenyewe na kichwa kinapumzika kabisa, unaweza kukaa na watu mkapiga stori huku kazi inakwenda.

Hesabu mishono inayoonekana juu, 5 au 6 kwa inchi kwa anayeanza ni vizuri sana. Usihangaike na udogo, hangaika na ulinganifu, mishono mikubwa inayolingana inapendeza kuliko midogo inayorukaruka. Kuna mtindo pia wa kutumia uzi mnene wa kudarizi na mishono mikubwa ya makusudi, kama 4 kwa inchi, unaisha haraka na unaonekana kwa mbali. Na geuza kwilti kila mara uangalie nyuma, mshono ambao haukufika kwenye bitana haushiki kitu.

Kuna njia nyingine tofauti kabisa ningependa uijue. Wasidi wa Karnataka, India, ambao wazee wao walitoka Afrika, wana kwilti zao zinaitwa kawandi. Hawaungi kwanza na kushona matabaka baadaye, wanatandika kitambaa cha chini, wanaanzia pembezoni, wanakunja ukingo wa kila kipande na kukishona moja kwa moja juu kwa mistari inayozunguka ikielekea katikati, kwa hiyo kuunga na kushona matabaka kunafanyika kwa pamoja na ukingo unakuwa umeshafungwa tangu mwanzo. Kwa mtu asiyependa kupima, mwenye mabaki ya kila saizi, hiyo inamfaa kuliko hii miraba yangu.

Ukingo

Toa bandi, punguza pamba na bitana zilingane na ya juu. Ukingo ndo sehemu inayochakaa kwanza kwenye kwilti yoyote kwa sababu ndo unaoshikwa na kuburuzwa, ndo maana siungi mkono ule ujanja wa kukunja bitana tu ije mbele. Kata mikanda 5 ya upana wa inchi 2 na nusu, iunge ncha kwa ncha kwa mshono wa mshazari ili isiwe na nundu, ikunje katikati kwa urefu wake wote upige pasi. Sasa una utepe wenye matabaka mawili.

Laza utepe upande wa mbele wa kwilti, ile pande wazi ilingane na ukingo, anzia katikati ya upande mmoja na sio kwenye pembe, acha mkia wa kama inchi 6. Shona robo inchi kutoka ukingoni. Ukikaribia pembe simama robo inchi kabla ya mwisho, funga uzi. Utepe ukunje juu uelekee mbali na kwilti, hapo unatengeneza mkunjo wa mshazari, halafu ushushe chini uufuate upande unaofuata, mkunjo wa juu ukilingana na ukingo, endelea kushona kuanzia pale juu. Kimaandishi inachanganya, chukua karatasi ndefu ujaribu nayo dakika mbili tu utaielewa. Ukirudi ulipoanzia unganisha mikia miwili, geuza utepe wote uje nyuma ufunike mshono, ushone kwa mishono midogo ya kujificha, ukishika bitana na pamba bila kutokea mbele. Mishono hii iwe karibu karibu, hapa usionee huruma uzi.

Lebo na maelezo ya kufua

Kata kitambaa kidogo cheupe, andika kwa kalamu ya kitambaa isiyofutika au darizi: jina la uliyemshonea, jina lako, mwaka. Kishone nyuma kwenye pembe. Kwilti isiyo na jina ikishapita mikono miwili hakuna atakayejua ilitoka kwa nani.

Halafu mpe maelezo kwa mdomo wakati unamkabidhi, maji baridi, sabuni laini, isikamuliwe kwa kusokotwa, ikauke ikiwa imelazwa au imetandazwa kwenye kamba mbili ili uzito ugawanyike, na jua kali lisiipige siku nzima maana rangi zinapauka. Mwambie pia aitumie, wengi wakipewa kitu cha mkono wanakikunja wanakificha, na iliyokunjwa muda mrefu inavunjika nyuzi kwenye ile mikunjo, kama ni lazima ikae kabatini basi ikunjwe upya mara kwa mara mahali pengine.

Weka mabaki ya vitambaa ulivyotumia kwenye mfuko uuandike jina la mtu huyo. Kipande kikichanika baadaye unakata mraba wa inchi 5, unakunja robo inchi pande zote nne unapiga pasi, unaulaza juu ya kile kilichochanika na kuushona kwa mishono ya kujificha, halafu unapitisha tena mistari ya mwanzo juu yake ikiwa imeshika matabaka yote.